Makopo Mawili Yaliyofanana

Siku ya kwanza nilipewa ufagio. Duka la bunduki lilikuwa Euless, mji wa Texas, ndege zinapita juu ya paa mpaka humsikii mteja, na mimi nilikuwa nime-apply kazi ya kupanga mizigo tu. Jioni nilikuwa naenda masomo. Sikujua kuna watu wanaojaza risasi zao wenyewe nyumbani. Meneja, Mtexas mrefu mwenye sikio moja bovu, akanionyesha rafu nzima ya makopo.

"Hii yote ni baruti. Mteja akitaka kopo, kwanza muulize anajaza nini."

Nyinyi vijana mnaoniuliza ile kazi ilikuwaje, ilikuwa hivi. Baruti tulikuwa tunaichagua kwa mwendo wake wa kuungua. Bastola mtutu wake ni mfupi, inataka inayowaka haraka. Bunduki ya marisau, zile risasi ndogondogo za kupigia ndege, nayo hutaka ya haraka, lakini marisau yakizidi uzito unashuka kwa ya polepole. Kipimo kinatoka kwenye kitabu cha kiwanda, si kichwani. Anayeanza bastola nilikuwa nampa ile iliyovimba, nyepesi kama pumba, kwa sababu akisahau akamimina mara mbili ganda la risasi litafurika na ataona. Ile laini inaficha kosa.

Kosa langu lilijificha vizuri zaidi. Jumamosi meneja alikuwa anafundisha wateja kujaza, chumba cha nyuma. Siku moja wakaacha makopo mawili wazi, kila moja na kidogo chini, vipande vya kijivu, huwezi kutofautisha. Kwetu ukiwa na pakiti mbili za unga nusunusu unaziweka pamoja. Nikamimina hii kwa ile, nikatupa kopo tupu. Meneja akampa Bwana Otis, mwanafunzi wake, dereva wa basi mstaafu, lile lililobaki akajizoeze nyumbani.

Jumatatu meneja akaniita. "Mama Ruth, kopo la pili liko wapi?"

"Nili-mix, bosi. Zilikuwa zinafanana."

Akakaa chini. "Mchanganyiko huo hauna kipimo kwa kitabu chochote. Unaweza kupasua bunduki mkononi mwa Bwana Otis."

Tukampigia Bwana Otis, simu ikaita, haikushikwa. Tuka-drive mpaka kwake, mji wa Richardson, mimi namwomba Mungu njia nzima: Bwana, chukua kazi hii, mwachie mzee vidole vyake.

Tulimkuta gereji, bunduki iko kwenye mfuko wake mlangoni, risasi arobaini zimepangwa kwenye trei.

"Nilikuwa natoka kwenda kulenga shabaha. Mmekuja kunikamata?"

Sikumngoja meneja. "Ni mimi, mzee. Nilichanganya baruti mbili. Usipige hata moja."

Akaziangalia risasi zake, akaniangalia. "Na umekuja mwenyewe kuniambia?"

"Nimekuja."

"Haya, vuta kiti. Hizi hazitajifungua zenyewe."

Tukazifungua zote. Meneja akaitawanya baruti nyasini kidogo kidogo, ile huwa kama mbolea, na Bwana Otis akasema mwaka huu jirani yake atakoma kujivunia bustani.

Tukirudi nikamuuliza meneja kama nitoe vitu vyangu leo au kesho.

"Kesho unahamia rafu ya baruti," akasema. "Wafanyakazi wengine nimewaambia mara mia, kopo moja tu mezani, na hawasikii. Wewe sitakuambia tena."

Nikasimama kwa ile rafu miaka mingi, Euless, halafu tawi la Houston, nikiishi mtaa wa Gulfton na watoto. Supervaiza wa huko alilalamika ninauliza wateja maswali kama polisi. Ni kweli. Mteja akisema amebakisha baruti kidogo kwa kopo bila jina, nilikuwa simuuzii mpaka aahidi kuimwaga.

Magoti yalipokataa kusimama nikastaafu, bado niko kwenye miaka ya arobaini, na nikapanda basi kwenda Richardson kumuaga Bwana Otis. Akanikaribisha jikoni, akanimiminia kahawa kwa mkono wa kulia, vidole vyote vitano, polepole, kama wazee wanavyomimina. Nikamwacha ajaze kikombe mpaka juu, nami huwa sinywi kahawa bila maziwa.