Pistoni za Gari la Damu

Gari la kupeleka damu kwenye zahanati za mlimani lilirudi gereji likivutwa kwa kamba, mara ya pili ndani ya miezi miwili. Dereva wake akaketi juu ya kreti la soda, kofia mapajani, akatangaza kwamba habanduki.

"Mzee Sikio," alimwambia mwenye gereji, "safari hii injini imenifia katikati ya kona, na lori la mchanga liko mgongoni kwangu. Ya tatu mtanifuata na jeneza."

Mzee hakucheka. Lile jina hakupewa bure: kwa miaka arobaini alikuwa akisikiliza injini dakika moja tu na kuutaja ugonjwa wake. "Petroli mnayoweka ni mbovu," alisema. "Na wewe unalikamua gari mlimani."

Binti yake alikuwa ameinama kwenye benchi, akiifungua ile injini. Miaka kumi na sita alikuwa amefanya kazi hapo, na kipaji cha baba hakukipata. Alichokuwa nacho ni kupima. Mafundi wa jirani walimwita Mililita wakidhani wanamkejeli, naye jina likamkaa vizuri.

Alichomoa pistoni. Kichwani ilikuwa na tundu la kupitisha kidole, kingo zimeyeyuka kama mshumaa. Ya mara ya kwanza ilikufa hivyo hivyo. Petroli mbovu huweza kufanya hivyo, lakini hata mgandamizo uliozidi huweza: hewa na petroli vikibanwa kupita kiasi hujilipukia vyenyewe bila kungoja moto wa plagi, na kila mlipuko ni nyundo juu ya pistoni.

Akaipindua hedi ya silinda, kile kifuniko cha juu cha injini, akafunika chumba kimoja cha moto kwa kipande cha plastiki chenye tundu, akaanza kuingiza mafuta mepesi kwa bomba la sindano. Kitabu kilisema chumba kimeze mililita hamsini na tatu. Kilijaa kwenye arobaini na mbili. Akapima tena. Akapima cha pili. Arobaini na mbili.

"Baba, ulipoitengeneza injini hii kabla haijafa ile mara ya kwanza, hedi uliichonga kiasi gani?"

"Kidogo tu. Ilikuwa imepinda."

"Kidogo kiasi gani?"

"Siku hizi unanihoji mimi?"

Dereva aliacha kuchezea kofia. Pistoni mpya, zenye kichwa bapa kama zile zilizokufa, zilikuwa tayari benchini. Baba ndiye aliyeziagiza. Angeweza kuzifunga, akanyamaza, heshima ya mzee ikabaki. Na Alhamisi dereva angepanda nazo mlima.

"Kwa hizi bapa tunabana hewa karibu mara kumi na moja," alisema binti. "Petroli yetu inavumilia mara tisa. Kule kuchonga kumepunguza kila chumba mililita kumi na moja, Baba."

"Nililijaribu mwenyewe mlimani! Lingegonga ningesikia."

"Lilikuwa linagonga. Nilikuwa kiti cha nyuma. Nikakuuliza, ukasema hakuna kitu. Nikakuamini wewe, nikayakana masikio yangu."

Mzee alichukua kitambaa, akajifuta mikono iliyokuwa safi.

"Lilikuwa linagongaje?"

"Kama kokoto ndani ya kopo."

"Sikusikia," alisema polepole. "Hata mlango ukibishwa nyumbani, mama yako ndiye ananigusa bega."

Dereva aliinuka, akamsogezea mzee lile kreti akae.

Hedi nyingine ya injini kuukuu kama ile haikupatikana. Ilibidi nafasi iliyopotea irudishwe na pistoni, zile zenye kishimo kama bakuli kichwani. Duka la vipuri lilikuwa na aina mbili: bakuli la mililita kumi na tano, ambalo lingeliacha gari legelege kwenye mwinuko, na la sita, ambalo lingebana mno.

"Nipe za sita," mzee alisema. "Nitazichimba."

Binti alipima kwanza unene wa kichwa cha pistoni, uliruhusu. Mzee akasimama kwenye mashine ya kuchongea. Akizidisha kidogo tu, pistoni imekwenda na maji. Alichonga uzi mwembamba, akasimamisha, binti akajaza mafuta kwa sindano. Nane. Tisa na nusu. Jasho lilimtiririka mzee mpaka kidevuni, lakini mkono haukutikisika. Kumi na moja. Wakaendelea hivyo mpaka ya nne ilipotoka.

Jumatano walipanda mlima watatu, mifuko ya mchanga nyuma mahali pa damu. Kwenye kona ya lile lori dereva alikanyaga mafuta. Binti aliinamisha kichwa, akasikiliza. Mzee hakutazama barabara; alimtazama yeye usoni.

"Kanyaga tena," binti alisema.

Injini ilinguruma, nzito, laini.

"Hakuna?" mzee aliuliza.

"Hakuna, Baba."

Mzee alipumua kwa nguvu, kisha akamgeukia dereva. "Nilikusingizia, mwanangu. Nisamehe."

"Yameisha, mzee," dereva alisema, macho barabarani. "Ila petroli yangu nayo uiombe radhi."

Alhamisi damu ilipanda ikafika, na gari likarudi kwa miguu yake. Wiki iliyofuata mzee alikubali kupelekwa kupimwa masikio. Alinuna njia nzima, lakini daktari alipouliza tatizo limeanza lini, alisema ukweli: miaka mitatu.