Nafasi Moja ya Darasa la Tatu

Mwalimu Yunusi alikuwa na sharti moja: hampangii mtu darasa kabla ya kumsikiliza akisoma. Vijana waliohamia shule ya serikali pale Morogoro kutoka shule nyingine walipitia kwake kwanza, na kwa miaka sita hakuna aliyewekwa mahali asipostahili. Sharti hilo alilivunja mara moja tu, kwa woga.

Mwaka ule reli ilitaka makarani, na ingewachukua kutoka darasa la tatu peke yake. Nafasi ilibaki moja. Severini alikuwa ameshuka kwa miguu kutoka Matombo, ana barua ya padri na miaka minne ya kusoma misheni. Nyuma yake akaingia Mikidadi, mpwa wa akida aliyetawala eneo lile kwa niaba ya Wadachi, akiwa mikono mitupu. Alisema mjomba wake anamsalimu mwalimu. Basi. Yunusi akaandika jina la Mikidadi, kisha akamwambia Severini aanze darasa la kwanza, maana watu wa misheni wanajua kuimba tu.

"Mwalimu, nisikilize mstari mmoja."

"Nafasi imejaa."

Barua ya padri hakuifungua.

Severini akakaa na watoto, magoti karibu yaguse kidevu. "Babu, sogea," walimtania, "miguu yako imejaza darasa." Alivumilia. Wiki ya tatu Yunusi alichelewa, akamkuta amesimama mbele anawasomea watoto kitabu cha darasa la tatu bila kukwama, nao wametulia tuli. Mwalimu alibaki mlangoni amekasirika, na hakuwa na wa kumkasirikia ila nafsi yake.

Akaenda mbio kwa Mdachi mkuu wa shule kuomba majina yabadilishwe. Akajibiwa kwamba orodha imeshapelekwa reli, tena kwa mwandiko wa Yunusi mwenyewe.

Aliporudi, Severini alikuwa anafunga kitabu.

"Shikamoo, mwalimu," alisema kwa sauti kavu. "Ungenisikiliza siku ile, hata ningeshindwa ningekuheshimu."

Akapanda zake milimani.

Wapo wanaomtetea Yunusi, eti akida alikuwa mtu wa kuogopwa. Akida hakumtishia. Alimtumia salamu, naye akaitii kama amri. Huo si unyonge, ni uovu.

Vita ya Wadachi na Waingereza ilipokuja, makarani wa reli hawakuguswa. Wanaume wa Matombo walikamatwa kubeba mizigo ya jeshi, Severini akiwamo. Alifia njiani, akaacha mke na watoto wawili.