Zawadi ya Nchi Nzima

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye ofisi ya chama cha wakulima wa kahawa huko Iyula, likaingia gari la wageni. Walitoka kwenye mfuko wa serikali ya nje unaojengea wakulima uwezo, wamekuja kuona kama kipima unyevu wa kahawa walichotoa kinafanya kazi.

Mama katibu akabadilika uso. Alifungua kabati kwa ufunguo anaouvaa shingoni, akatoa furushi la kanga. Ndani yake kipima kilikuwa bado kwenye nailoni.

"Si ulikaa mafunzoni siku tatu?" mwenyekiti akamnong'oneza.

"Nilikaa, na kukitumia najua. Lakini soma hapa kwenye kibandiko, mzee: zawadi kutoka kwa watu wa nchi yao. Nikikiangusha, nchi nzima nitaijibu nini?"

Kumbe msimu wote alipima kahawa kwa meno, kama mama yake.

Mgeni mmoja akaomba aone. Mama akang'ata punje, akasema, "Bado siku mbili za jua." Kisha akakitoa kipima kwenye nailoni, akatia punje, akabonyeza kitufe. Namba iliyotokea ikakubaliana na meno yake. Hakuna aliyepiga makofi; sote tulikuwa tunaitazama mikono yake, isije ikateleza.

Nilitaka niwaambie wageni kwamba hofu nayo ingeandaliwa semina yake. Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti akanigeukia.

"Mwandishi, hebu kishike kidogo tupige picha."

Nikatia mikono mifukoni.