Kishale Hakikurudi

Saa nne asubuhi, Rozalia Kihwele amesimama sebuleni kwa Silvester Kikoti, hapa Ilula. Amekataa kiti, amekataa na chai. Mkononi ana drili, na macho yake hayabanduki kwenye mlango wa chumba cha kulala, ambako kibao cha vishale kinaning'inia kwa misumari miwili.

"Ng'oa," anamwambia mwenye nyumba. "Ulipigilia mwenyewe, ng'oa mwenyewe."

Silvester, mfanyabiashara wa nyanya ambaye wengi humwita Baba Brayson, anachukua nyundo. Majirani wamejaa barazani. Ni Rozalia aliyesema hatagusa kitu mpaka waitwe.

Rozalia ni seremala wa Ipogolo, Iringa mjini. Kwa miaka sita amekuwa akitengeneza vibao vya kulengea vishale, mchezo ambao wengi walizoea kuuona baa, na kuvifunga majumbani mwa watu. Hukata nyuzi za mkonge, akazibana kwa jeki ya gari ndani ya ukanda wa bati mpaka zishikane. Kibao kimoja ni shilingi 60,000, na kukifunga ni humo humo. Kazi hiyo ndiyo inayowalisha yeye na wanawe watatu.

Sharti lake ni moja: ukuta mtupu, usiopitiwa na mtu. Mlangoni hafungi, hata umpe nini.

Kwa Silvester alifunga ukutani, mbali na mlango. Kisha Silvester akanunua televisheni kubwa, akaitaka nafasi ile, kibao akakihamishia mlangoni. Jioni moja, akiwa analenga shabaha, mkewe Anjela akafungua mlango akitoka na beseni la nguo. Kishale kikamchoma shavuni, chini kidogo ya jicho.

Yangeishia nyumbani, kama Silvester angenyamaza. Hakunyamaza. Sokoni akatangaza kwamba kibao cha Rozalia ni kigumu, kinarudisha vishale.

Uongo huo ulifika Iringa kabla ya nyanya zake. Wateja wakaanza kurudisha vibao. Mmoja alimwambia Rozalia usoni: lisemwalo lipo, kama halipo laja.

"Methali hiyo naichukia," anasema Rozalia. "Unazushiwa jambo, halafu unapewa methali! Mwanangu Edmund kaulizwa shuleni eti mama yake ndiye mtoboa macho? Nililia siku hiyo. Siyo huzuni, ni hasira."

Na fundi mwanamke kumpaka matope ni rahisi mno. Wapo waliokuwa wakingoja sababu tu. Pale barazani mwandishi huyu amewasikia wanaume wawili wakinong'onezana: "Mwanamke na drili, wapi na wapi!" Hata haya hawana.

Aliyevunja ukimya ni Anjela. Wiki iliyopita alimpigia Rozalia simu.

"Nilikuwa namfichia mume wangu aibu," anasema. "Lakini kila nikijiangalia kwenye kioo naona hili kovu langu linamfukuzia mwenzangu wateja. Nikachoka."

Msumari wa pili unatoka. Silvester anawageukia majirani, anakohoa.

"Jamani, ilitokea hali ya kutoelewana kidogo..."

"Kutoelewana na nani?" Rozalia anamkatiza. "Na mlango? Baba Brayson, sema!"

Watu wanacheka. Silvester hacheki. Anamtazama mkewe, kisha anainamisha kichwa.

"Kishale hakikurudi," anasema. "Kibao nilikihamisha mimi, na kishale nilirusha mimi. Nikaona aibu, nikamsingizia fundi."

Rozalia anawasha drili. Anapima ukuta wa upande wa pili, usawa wa macho ya mtu mzima, anatoboa, anafunga. Kisha anampa Anjela kishale. Anjela anarusha. Kinazama kwenye mkonge na kubaki hapo hapo.

Rozalia akitoka, Silvester anamfuata mlangoni na tenga la nyanya. "Pokea, Mama Edmund. Ndiyo pole yangu."

"Nyanya kauze."

Rozalia ana ndoto ya kupanga fremu ya pili ya karakana na kuchukua wasichana awafundishe kazi. Lakini nani atamletea bintiye kwa mtoboa macho? Kwanza analitaka jina lake.

"Kesho asubuhi, sokoni," anamwambia Silvester. "Usimame pale pale uliponisemea, na kwa sauti ile ile. Mimi nitakuja na kibao na vishale. Anayesema vinarudi, aje arushe."