Mizani ya Kahawa na Kilo za Wambura

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka harufu yake: siku niliyoanza kuamini kwamba Serikali itanipima kwa mizani ya kahawa, na nikikutwa nimepungua hata nusu kilo, sitarudi nyumbani Susuni mpaka ninenepe. Usicheke bado. Niliamini kwa moyo wote, na mimi nikiamini kitu huwa siamini peke yangu, nawaaminisha na wenzangu.

Ilikuwa mwaka wa vita ya Uganda. Vita yenyewe ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kilikuwa kungoja, na kungoja, nakuapia, kunachosha kuliko kupigana. Sisi mgambo wa Mara tulikuwa tumewekwa katika stoo kubwa ya kahawa, ng'ambo huko Uganda kwenye vilima vya migomba. Alfajiri filimbi. Kisha gwaride, kisha kufyeka majani yale yale tuliyoyafyeka juzi, kuchota maji mtoni, kusafisha bunduki ambayo haijalia kwa miezi miwili, kula maharage, na filimbi tena. Maharage yale yalikuwa na wadudu wengi mpaka tukawa tunasema leo tumekula nyama. Viatu vyangu vilikuwa vimefunguka midomo kwa mbele, nikitembea vinanisengenya. Na ndizi! Mkurya aliyekuzwa kwa ugali wa mtama na muhogo, ule ambao ukikudondokea mguuni unavunja kidole, umlishe ndizi za kuponda mwezi wa tatu mfululizo, huyo si askari tena, ni mfungwa wa mgomba.

Kila Jumatatu tuliambiwa tutaondoka wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo iliahidiwa mara tisa.

Rafiki yangu mle ndani alikuwa Wambura, kijana wa upande wa Serengeti, mpole, mrefu, mtu wa maneno machache. Siku lori letu lilipopita Mugumu kutuchukua kwenda vitani, mama yake alikuja mpaka kwenye bodi la gari, akanishika mkono mimi ambaye hakunijua. Akasema ananiona nina meno ya mtu anayejua kula, na mwanawe hali vizuri, basi nimwangalie. Nikamwahidi. Ahadi kwa mzazi, mwanangu, ni kama ng'ombe wa amana: si wako, lakini akifa utaulizwa wewe.

Basi asubuhi moja likabandikwa tangazo mlangoni mwa stoo. Wakati huo mimi namba nilizijua, mnada wa ng'ombe ulinifundisha, lakini herufi zilikuwa zinanikimbia kama panzi. Koplo mmoja akatusomea haraka haraka, akaenda zake kunywa chai. Maneno yalikuwa machache tu, nayo yakaniingia kama mwiba: mgambo wote watapimwa kabla ya kurejeshwa nyumbani, watakaokutwa na upungufu watashughulikiwa kwanza.

Watapimwa. Upungufu. Watashughulikiwa. Sasa wewe niambie, mtu aliyekulia kwenye mazao na mifugo akisikia kupimwa na upungufu kwa pamoja, akili yake inakwenda wapi? Na mizani ilikuwa pale pale, imening'inia kwenye boriti katikati ya stoo, ina kulabu kubwa kama ukucha wa tai aliyelaaniwa. Halafu nikakumbuka kwamba siku ya kujiandikisha tulipandishwa kwenye mizani na kilo zetu zikaandikwa kwenye kadi. Nikapiga hesabu mwenyewe, nikawaeleza wenzangu kwa sauti ya mtu aliyekaa na mawaziri: hii ni nchi ya ujamaa, haidhulumu mtu. Imekuchukua kwa mama yako na kilo sitini na sita, itakurudisha na kilo sitini na sita. Ukipungua unabaki unalishwa ndizi mpaka zitimie. Na huko kushughulikiwa, nani asiyejua maana yake jeshini? Afande akisema nitakushughulikia, hakuletei chai.

Hakuna aliyebisha. Penye wengi pana mengi, lakini siku ile pale penye wengi palikuwa na jambo moja tu, na lilikuwa la kwangu.

Nikawa na udadisi wa ajabu juu ya mizani ile. Nilitaka kujua siri yake yote. Nikapima kofia ya chuma, nikapima buti kavu na buti yenye maji, nikapima kuku wa mpishi akanidonoa, nikapima mkungu wa ndizi kabla ya kupikwa na baada ya kupikwa. Nikaligundua jambo moja ambalo mpaka leo linanishangaza: mtu akivuta pumzi akaizuia, haongezeki uzito. Nilikuwa na uhakika ataongezeka. Watu tulipimana kwa blanketi: unajikunja ndani, wenzako wanafunga ncha nne, wanakutundika kwenye kulabu, unaning'inia kama mtoto wa kliniki, masharubu yamechungulia nje.

Mimi nilikuwa nimepungua kilo moja, jambo dogo. Wambura kadi yake ilisema sitini na sita. Jumamosi ya kwanza nilipomtundika mshale ukasema sitini na moja. Jumamosi ya pili hamsini na nane.

Nikaanza kumlisha. Ndizi zangu nusu nilimpa yeye, maharage yangu robo, na kwangu mimi kutoa maharage ni kama mwingine kutoa figo. Alikula kidogo akarudisha sahani. Usiku alikuwa analowa jasho na mchana anakohoa, kikohozi kikavu kisichokwisha. Nikamwambia ni vumbi la maganda ya kahawa. Yeye akaniambia kwamba labda aende kwenye benchi la daktari wa kikosi akapewe hata vidonge.

"Mura, una akili?" nikamwambia. "Daktari akikuona hivyo ulivyokonda, si ataandika? Utajipeleka mwenyewe kushughulikiwa?"

Mura, mwanangu, kwa Kikurya ni kijana mwanamume, na ukimwita mtu hivyo mbele ya jambo gumu, umemfunga kamba. Hawezi tena kusema anaumwa.

Siku chache baadaye likaja lori, likapakia watu kumi hivi kutoka kombania nyingine, waliokwisha kupimwa. Wengine walikuwa wanashikwa mabega kupandishwa. Nikawatazama kwa huruma, nikamwambia Wambura, umewaona wenye upungufu? Hao ndio wanakwenda kushughulikiwa. Nikawapungia mkono kama watu wanaopelekwa jela. Mmoja wao akanipungia huku anacheka, nikasema maskini, ameshachanganyikiwa.

Jumamosi ya tatu mshale ukasema hamsini na nne. Hapo Wambura mwenyewe ndiye aliyenipa dawa. Kwao walilima pamba, na alijua ujanja wa mkulima asiye mwaminifu: unaficha jiwe katikati ya gunia, mizani inadanganyika.

"Kama pamba inaongezwa mawe," akasema, akicheka na kukohoa, "mtu atashindwaje?"

Tukachagua mawe mtoni, laini, ya saizi ya ngumi. Tukajaribu kwenye blanketi: manne kwenye mifuko ya suruali, mawili kwenye ya shati, mengine ndani ya soksi. Nilijisikia mwerevu kuliko mkuu wa majeshi. Kila Jumamosi mizani ilikuwa inaniambia kwa mdomo wake kwamba rafiki yangu anakwisha, nami namjibu kwa mawe.

Zamu ya kombania yetu ikafika. Tukapangwa mstari nje, jua limesimama kichwani, kila mtu na kadi yake. Mimi nilikuwa nyuma ya Wambura. Tulitembea hatua, tukasimama, hatua, tukasimama, na kila akipiga hatua nilisikia mawe yanagongana mfukoni, kwaka, kwaka. Alikuwa anahema kama aliyepanda mlima. Zikabaki kama hatua kumi tufike kwenye meza ya daktari. Akageuka kunitazama, midomo myeupe, akataka kusema kitu, akaanguka. Mawe yakamtoka mifukoni, yakasambaa miguuni mwa watu. Na kwenye kitambaa alichokuwa amezibia mdomo nikaona damu.

Daktari aliruka meza. Akamfungua shati, akamsikiliza kifua, akasema neno moja kwa msaidizi wake, machela ikaja. Hata hawakumpeleka karibu na mizani. Mimi, mwanangu, badala ya kumshika mkono mwenzangu, nikamkimbilia Sajini Komba. Alikuwa mtu wa kusini, mwenye mvi, mzee kuliko sisi wote, na mpaka siku ile sikuwahi kumsemesha neno zaidi ya ndiyo afande. Nikasimama mguu sawa nikamwomba asimruhusu daktari amshughulikie Wambura, tupewe wiki mbili tu, mimi mwenyewe nitamlisha, kilo zitarudi.

Sajini akaniuliza kilo gani. Nikamweleza yote: tangazo, kadi, blanketi, ndizi, mawe ya mtoni. Nilidhani atanipiga. Akachuchumaa akaokota jiwe moja, akaligeuza geuza. Alipozungumza hakupaza sauti.

"Kijana, mnapimwa afya. Mwenye upungufu ni mgonjwa, na kushughulikiwa ni kutibiwa. Wagonjwa ndio wanaotangulia nyumbani. Lori la kwanza lilikuwa lao."

Akanipa lile jiwe mkononi. "Mimi nimelala mlango wa pili kutoka kwako miezi mitatu. Ungeniuliza."

Akaondoka. Sijawahi kupigwa kipigo kama hicho, na nimepigwa vizuri maishani.

Tuliondoka wiki ile ile, kweli safari hii. Wenzangu waliimba njia nzima. Mimi niliteremka Mugumu kabla ya kwenda kwetu, nikatembea mpaka kijiji cha akina Wambura, zile nyumba za ujamaa zilizopangwa mstari kama gwaride. Mama yake alikuwa anaanika mtama. Akaniona niko peke yangu, akaachia ungo ukaanguka, akasimama. Nikasema shikamoo mama, na kabla hajaitikia nikamwambia yu hai, yuko hospitali, ni kifua kikuu. Halafu nikamwambia na lile la kumlisha ndizi na la mawe. Njia nzima nilikuwa nimetunga uongo mzuri sana, lakini niliuacha pale pale uani.

Mama aliinama, akawa anaokota punje zilizomwagika, moja moja.

"Kwa hiyo ulimlisha," akasema.

"Nilimlisha, mama."

"Ulinisikia meno, hukunisikia neno. Nilikuambia umwangalie."

Wambura alilazwa karibu mwaka mzima. Daktari alimwambia kwamba angefika wiki tatu mapema, kifua chake kingepona chote. Alirudi, akaoa, akazaa, lakini jembe hakulishika tena kama mwanamume wa rika letu. Akipanda kilima anasimama mara tatu. Hajanilaumu hata siku moja. Ndiyo maana mpaka leo tukitembea pamoja mimi ndiye wa kwanza kusema nimechoka, tupumzike, na mimi unaniona nina mapafu ya fahali.

Mwaka uliofuata nikajiandikisha kisomo cha watu wazima, madarasa ya jioni, nikamaliza na cheti chenye muhuri mkubwa kuliko sahani. Nilidhani herufi ndizo zilizoniponza. Kadiri nilivyosoma nikagundua sivyo: koplo alisoma vizuri, hakukosea hata nukta. Neno likitoka kwa mwingine linafika kwako limevaa nguo zako mwenyewe. Mfugaji anasikia mifugo, mkulima anasikia gunia, na mwoga anasikia fimbo.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukisikia neno likakutia hofu, usilifanyie hesabu gizani na wasiojua wenzako; libebe mpaka kwa mwenye nalo, hata kama ana nyota begani na sauti ya radi, umuulize maana yake nini. Kuuliza kunakuaibisha kwa dakika moja. Mimi nilikuwa mdadisi wa kupima kuku na buti, nikauliza vitu vyote visivyo na mdomo, mwenye mdomo nikamwogopa. Na rafiki yako akikuambia anaumwa, usimwite shujaa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na anayemsaidia kuficha amekalia mkeka mmoja na kifo hicho. Mpende kwa kumshika mkono umpeleke benchi la daktari, hata akikuchukia njiani. Kumlisha ni kuzuri, lakini kwanza umtazame.

Mungu akupe miguu ya kufika kwa anayejua na ulimi usioona haya kuuliza. Akupe marafiki wanaokuambia wanapoumia, na wewe akupe moyo wa kuwaamini mara ya kwanza. Ng'ombe wako wazae mapacha, mtama wako uwashinde ndege, na kila mzazi atakayekukabidhi mwanawe njiani, umrudishie akiwa anatembea kwa miguu yake na kupumua kwa kifua chake chote.