Trei za Katani za Khamala

Khamala si mtu wa kushauriwa. Mimi Boaz nimeshiriki naye kibanda cha kazi hapa Kawangware miaka sita, najua. Anatengeneza trei za faiba za viwandani: analoweka nyuzi za kioo kwenye gundi ya plastiki, zikikauka anazipiga msasa. Vumbi lake linapenya kwenye ngozi na kuwasha, uoge usioge.

Binti yake, Kageha, alikuwa na miaka mitatu alipoanza kutoka vipele kila baba yake akimbeba. Sella, mkewe, alivumilia mwaka mmoja kwenye chumba chao cha Kibera, kisha akampeleka mtoto Kakamega. "Siku ukiacha kutuletea vioo kwa nyumba, tutarudi," alimwambia.

Tangu hapo Khamala akawa na wazo moja tu, kuondoa kioo na kuweka katani mahali pake. Katani ni rahisi na haiwashi. Nilimcheka, nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ingawa tuna umri mmoja. Lakini saa ya chakula alikuwa akitazama picha ya Kageha mpaka githeri inapoa, na hapo sikucheka. Alimtamani mwanawe kama mgonjwa anavyotamani maji.

Trei za kwanza zilijaa mapovu, zikapasuka. Mwerevu wetu alikuwa amekausha katani juu ya sufuria ya mama anayetuuzia githeri, mvuke wote ukaingia humo. Ndipo Hadia, jirani yake Mnubi anayeoka mikate Kibera, akamwachia tanuri kila alipomaliza kuoka. Khamala akawa anakuja kwa miguu na furushi la katani lenye joto, amelifunga nailoni lisinywe unyevu wa Julai.

Mwezi wa tisa, meneja wa kiwanda cha sabuni alipanda juu ya trei na viatu vyake, akarukaruka. Haikupasuka. Akaagiza trei za mwaka mzima.

Khamala akaazima simu yangu palepale.

"Sasa, mama," akamwambia bintiye. "Siku hizi sikuwashi tena."

"Basi kuja unibebe," Kageha akasema.

Sella akachukua simu. "Mtoto ameanza shule huku, na ameshika masomo. Wewe ndio ukuje."

"Nitakuja, wacha nimalize hii job."

Kazi haikuisha. Krismasi ilitukuta tukimimina gundi. Juzi Sella alipiga, na kwa kuwa simu ni yangu, nilipokea mimi. Alisema Kageha ameacha kuomba kubebwa.