Jina Walilonivua

Niliporudi darasani baada ya kumzika binti yangu, somo lililokuwa likinisubiri ni viwakilishi. Mwalimu aliyenishikia vipindi alikuwa amewafikisha wanafunzi mlangoni pa sura hiyo, akaniachia. Simlaumu. Viwakilishi vya Kifaransa vimewatoa jasho watu wazima, sembuse watoto wa Tororo wenye njaa ya saa sita.

Nilishika chaki nikaandika: La mère achète le pain. La mère coupe le pain. La mère mange le pain. Mama ananunua mkate, mama anakata mkate, mama anakula mkate. Nikawauliza kuna ubaya gani hapo. Wakacheka, wakasema hata mtoto wa chekechea hazungumzi hivyo.

Nikawaeleza kama nilivyoeleza miaka yote. Ukishamtaja mtu mara moja, humtaji tena. Unaweka kijineno kidogo mahali pake, na anayekusikiliza atakufuata. Mama anakuwa elle, mkate unakuwa le: elle le coupe, elle le mange. Kurudiarudia jina ni uvivu, niliwaambia, na kalamu yangu nyekundu haina huruma na wavivu.

Wanafunzi wetu wa mpakani wana kosa lao ambalo sijalisikia likitajwa kwingine. Kwetu husemi "niliona mama" ukaishia hapo. Unasema "nilimwona mama". Ule m tayari ni mama, na bado mama mwenyewe anafuata nyuma. Basi wakiandika Kifaransa wanaandika je la vois la mère, mtu mmoja ametiwa mara mbili. Huwa nawatania: "Mmemwona mama mmoja au wawili?" Wengi wao wanasoma lugha hii kwa sababu ya malori yanayopita Malaba na Busia kwenda Kongo na Burundi. Wazazi wao wanaota kazi za forodha. Hakuna dereva atakayeuliza habari za viwakilishi, lakini mtihani unaviuliza.

Siku hiyo msichana wa dawati la mbele aliinua mkono. "Madam, kama hapana taja jina kwanza, mutu atajua namna gani huyo elle ni nani?"

"Hatajua," nikamjibu. "Jina lazima litajwe kwanza."

Nikaugeukia ubao, nikawa napangusa mahali palipokuwa pasafi.

Binti yangu alikuwa mtoto wetu wa pekee. Alikuwa kidato cha pili. Homa ilimshika jioni moja, tukadhani ni malaria ya kawaida, tukampeleka hospitali, tukarudi bila yeye. Zaidi ya hapo siwezi kuandika, nimejaribu.

Kwetu, upande wa Kenya nilikozaliwa na huku Mukuju, upande wa Uganda, nilikoolewa, mwanamke akishazaa anaitwa kwa mtoto wake. Tangu alipozaliwa mimi nilikuwa Mama, halafu jina lake. Dukani, kanisani, kwa fundi cherehani, kila mahali. Mume wangu aliniita hivyo hata tulipokuwa hatuelewani. Shuleni peke yake ndiko nilikokuwa Madam. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Lilikuwa la kuitwa kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara, si la kusomwa na watu ambao hawakumjua.

Matanga yalipokwisha, jina likaisha nalo. Mwenye duka aliniuliza, "Madam, leo nikupatie nini?" Kanisani nikawa dada. Jirani yangu, ambaye kila asubuhi alikuwa akiniita kwa jina la mwanangu kupitia ua wa michongoma, akaanza kusema, "Wewe, chumvi iko?" Mwanzoni nilidhani ni haya ya watu mbele ya msiba. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wengine hawajui waushike wapi. Nilikuwa nimekwisha kuwavumilia wale walioniambia Mungu amempenda zaidi. Nilitamani kuwauliza kwa nini Mungu asingempenda kidogo tu, akatuachia.

Lakini wiki zilipita na hakuna aliyeteleza, hata mara moja. Watu wote wa kituo kizima cha biashara hawawezi kuwa waangalifu namna hiyo kwa bahati. Nikamkabili jirani pale uani.

"Mbona siku hizi huniiti?"

Akaangalia miguu yake. "Baba yake alipita nyumba kwa nyumba, akatuomba. Alisema hiyo jina naumiza weye, tuache kabisa."

Nilirudi nyumbani nikichemka. Mume wangu alikuwa kwenye kigoda anapukusa mahindi. Nikasimama mbele yake, nikamuuliza nani amemtuma kwenda kunivua jina langu kwa majirani, na kama alishindwa kuniuliza mimi mwenye kuumia.

Akaendelea kupukusa mpaka gunzi lile likaisha mkononi.

"Si wewe peke yako," akasema. "Mimi nami wananiita Baba yake. Kila wakiita, nageuka nikimtafuta nyuma yangu. Siwezi. Nisamehe, siwezi."

Akalia, mwanamume mzima, punje za mahindi zikimdondoka mapajani. Nilikuwa nimekuja na vita na sikuona wa kupigana naye. Sikumsamehe siku ile. Nilimpa leso yangu ajifute uso, nikaingia ndani kuwasha moto.

Toka hapo nyumbani mwetu alikuwa "yeye". Kitanda chake. Sweta yake. Yeye asingekula mboga hii. Tulikuwa wawili tu, wote tunajua nani anasemwa, kwa hiyo hata mimi na kalamu yangu nyekundu nisingepata kosa katika mazungumzo yetu. Na bado nyumba haikukalika. Nilimwona mume wangu akipungua, naye aliniona, na tukaendelea kusema yeye, yeye, kama watu wanaomteta jirani.

Jumamosi moja nikashuka Busia niende ng'ambo kumwona mama yangu mzazi. Karibu na lango la mpaka, kando ya foleni ya malori, kuna mama wa Majanji, kule ziwani, anayeuza samaki. Tulikuwa wateja wake, mimi na binti yangu, na tulipitia kwake kila tulipokwenda kwa bibi. Sikuwa nimekanyaga hapo tangu msiba. Napita nimeinamisha kichwa, nikasikia sauti yake ikiyashinda malori yote. Mama! Halafu jina. Zima, lote, mpaka herufi ya mwisho.

"Naam!" nikaitika. Nilipiga kelele hadi kijana wa kubadilisha fedha akageuka.

"Umepotea sana!" akasema. "Mutoto iko wapi leo? Hapana kuja na yeye?"

Nilifungua mdomo. Ukweli nilikuwa nao tayari, nilishausema kwa watu wengi hadi maneno yalijipanga yenyewe. Lakini nikimwambia, nilijua kitakachofuata.

"Yuko nyumbani," nikasema. Na sikudanganya sana, maana kwetu watu huzikwa nyumbani, naye yuko pale nyuma ya migomba.

"Basi msalimie."

"Zitafika."

Jioni nilipitia migombani kabla ya kuingia ndani, nikampa salamu za mama wa Majanji. Halafu nikakaanga ngege, samaki niliowanunua kwake. Mume wangu aliniuliza mbona macho yangu yamechangamka, nikamwambia ni moshi.

Nikawa naenda kila Jumamosi. Tulikula samaki mpaka mume wangu akauliza kama maharage yameharamishwa Uganda. Pale kwa yule mama nilikuwa nachagua polepole, nageuza huyu, nainua shavu la yule, ili wateja wajae na yeye awaambie, "Ngojeni, nasikiza kwanza Mama," na jina. Kwa saa moja alikuwa akilitaja mara tatu, mara nne, bila kuchoka. Mimi ninayekata majina ya watoto wa watu kwa wino mwekundu nilisimama pale nikiomba moyoni arudie. Alinipa habari za ziwa na bei ya mafuta ya mashua, nami nikampa habari za binti yangu: anakua, Kifaransa kinampa taabu, hapendi kufua. Nilijua kwamba ni wazimu. Nilijua pia kwamba habari mpakani hazipangi foleni na malori. Nilikuwa ninaiba Jumamosi moja baada ya nyingine.

Halafu ikaja Jumamosi ambayo aliniona kwa mbali na hakuita. Alikuwa anajifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kwa kidole. Mtu hajifuti hivyo kwa ajili ya kuuza samaki. Nikapunguza mwendo. Nilifikiri kugeuka, lakini alikuwa amekwisha kunitazama.

"Madam," akasema. "Pole sana. Wametuambia."

Alininyooshea mikono yote miwili, bado ina harufu ya samaki, nikaishika.

"Niite kama unavyoniita siku zote," nikamwomba. "Tafadhali. Mara moja tu."

Alitikisa kichwa, machozi yakimlengalenga. "Hapana, dada yangu. Siwezi kukuumiza hivyo."

Nyuma yake mteja alikuwa akiulizia mbuta, naye hakumjibu. Nilimwona anavyonihurumia, na sijawahi kuchukia huruma ya mtu kama siku ile. Siku tulipomzika, nilirudi kutoka kaburini ningali mama yake. Ni pale barabarani, mikono yangu ikiwa ndani ya mikono ya mwanamke mwema, ndipo nilipoacha kuwa.